Mashine ya mwalimu: shajara ya mradi, Lubumbashi

Juni, mwisho wa mwaka wa shule

Mdogo wangu anafundisha darasa la sita huko Katuba, hapa Lubumbashi. Pointi za wanafunzi anaziandika kwenye daftari kubwa, anazinakili kwenye bulletini (ripoti za wanafunzi) moja baada ya nyingine, kisha mkuu wa shule anazitaka tena kwenye faili. Hapo ndipo mwalimu anapopanda basi kwenda mjini kumlipa kijana wa sekretaria, duka la kuchapa, ampigie kwa kompyuta. Tangu shule za msingi za serikali zifanywe za bure mwaka 2019, darasa limejaa hadi mlangoni, na bili ya sekretaria imejaa nalo.

Familia tumechanga tumnunulie mashine yake, yaani kompyuta ya mkononi: mama, kaka yetu wa Kolwezi na mimi. Zimepatikana dola 280. Sharti ni moja, nalo limetoka kwa mama: "Isikuwe ya kuzimika kila wakati umeme inaenda."

Nimeliandika sharti hilo juu kabisa ya ukurasa, kwa sababu linapindua mpango mzima wa kununua. Mjini watu wananunua mashine kwa jina la prosesa, chipu inayofanya hesabu zote. Ukitaja "i7" kila mtu anatikisa kichwa kwa heshima. Mimi nimepanga hivi: kwanza betri na njia za kuichaji, pili kibodi, tatu prosesa, mwisho kioo. Kazi zenyewe si nzito: jedwali la pointi, mitihani ya kuandika, PDF za wizara, WhatsApp ndani ya kivinjari, kuonana kwa video na ndugu walioko Bulaya (Ulaya), na filamu ya watoto Jumapili. Iwe tayari kabla ya shule kufungua Septemba.

Julai, kwenye karatasi kwanza

Kwa dola 280 kuna njia mbili.

Ya kwanza ni mashine mpya ndani ya katoni, yenye prosesa ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya GB 4 na hifadhi ya eMMC, ile ya bei rahisi, ya GB 64. Inang'aa, ina harufu ya plastiki mpya, na muuzaji anakupa karatasi ya garantii yenye muhuri. Lakini prosesa hiyo ina kori, yaani vichwa vya kazi, mbili tu, RAM imechomelewa kwenye bodi kwa hiyo haiongezeki, na GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakidai ili ikubali kuingia. Mtu anayeanza kwenye kiwango cha chini kabisa hana pa kurudi nyuma masasisho yakianza kurundikana.

Ya pili ni okazioni: mashine za ofisi zilizokaa miaka kadhaa kwenye meza ya mhasibu fulani Bulaya au Dubai, kampuni ikabadilisha zote kwa mpigo, zikauzwa kwa jumla. ThinkPad, Latitude, EliteBook. Zilijengwa kwa kufunguliwa na fundi, na vipuri vyake vinapatikana. Nimekwenda njia hii bila kujiuliza mara mbili.

Sasa kizazi. Tazama namba inayofuata kistari: i7-5600U ni kizazi cha tano, ya mwaka 2015, kori mbili. i5-8250U ni kizazi cha nane, ya mwaka 2017, kori nne. Kwa hiyo i5 hiyo inaipita i7 hiyo mbali sana, hata kama muuzaji atakuapia vinginevyo. Kizazi cha nane ndipo pia Microsoft ilipochora mstari wa Windows 11 kwa prosesa za Intel. Windows 10 iliachwa tarehe 14 Oktoba 2025, na ndiyo sababu meza za mjini sasa zimejaa vizazi vya sita na vya saba kwa bei ya kuchekesha. Mtu anayeweka Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, anaweza kuvichukua bila hofu. Mimi nimebaki na cha nane, ili siku mdogo wangu akitaka kurudi Windows mlango uwe wazi.

Chaguo la kwanza kwenye karatasi: ThinkPad T480, ya mwaka 2018. Sababu ni betri. Ina mbili: ya ndani ya Wh 24 (wati-saa, kipimo cha umeme inaoubeba), na ya nyuma unayoitoa kwa kusukuma vifungio viwili. Ya nyuma inatengenezwa kwa ukubwa tofauti, Wh 24, 48 au 72. Ya ndani inaishikilia mashine hai wakati unabadilisha ya nyuma, bila kuzima. Tena inachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo sihitaji kutafuta chaja ya ncha ya pekee mji mzima. Chaguo la pili ni T470, kaka yake wa mwaka 2017, yenye betri mbili vilevile lakini ya kizazi cha saba.

Julai, Jumamosi mjini

Nimekwenda na mdogo wangu mwenyewe. Kununua mashine ya mtu asiyekuwepo ni kama kumnunulia viatu.

Duka la kwanza: "Mukubwa, hii ni i7, inapita yote." Nimeuliza ni i7 ya ngapi. Ya nne. Tumeaga kwa adabu.

Mbele kidogo tumekuta T480 mbili kwenye meza moja, na hapa ndipo mpango wa karatasi ulipokutana na vidole vya mwenye kazi. Moja ilitoka Dubai: kioo kizuri cha 1920 × 1080, kibodi ya QWERTY (mpangilio wa Kiingereza) yenye herufi za Kiarabu pembeni, betri ya nyuma haipo kabisa, pengo limezibwa kwa plastiki. Nyingine ilitoka Ubelgiji: kioo cha 1366 × 768, kile cha bei rahisi kinachobadilika rangi ukikitazama kwa upande, kibodi ya AZERTY (mpangilio wa Kifaransa), betri zote mbili zipo.

Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kioo cha ya Dubai. Mdogo wangu akavuta kiti, akaandika sentensi moja ya imla kama anavyowasomea watoto, akasimama katikati.

"Yaya, hii hapana. A iko wapi?"

Kioo hakikujadiliwa tena. Mtu aliyejifunza kupiga kwa AZERTY, na anayeandika Kifaransa chenye é, è, ç na à kutwa nzima, usimpe QWERTY ukamwambia atazoea. Atazoea, ndiyo, lakini kwa gharama ya jioni zake zote za Septemba.

Siku hiyohiyo, ukaguzi mezani

Muuzaji alikuwa mvumilivu, na huyo ndiye muuzaji wa kumtafuta. Anayekataa mashine isiguswe kabla ya pesa ameshakujibu.

Betri kwanza. Windows ilikuwa bado ndani, kwa hiyo nimefungua dirisha la amri nikaandika:

powercfg /batteryreport

Inatoa ukurasa unaoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa leo. Ya ndani: kati ya Wh 24 zimebaki kama 19. Hiyo ni nzuri kwa umri wake. Ya nyuma: kati ya Wh 24 zimebaki chini ya 9. Hiyo imekwisha, na muuzaji alijua. Nimemwonyesha namba kwenye kioo chake mwenyewe, bila kelele. Namba zikiwa zimeandikwa na mashine, mazungumzo ya bei yanakuwa mafupi.

Halafu BIOS, mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguka kabla ya Windows. Kwenye ThinkPad unabonyeza Enter inapowaka, kisha F1. Ninachotafuta ni nenosiri la msimamizi. Likiwepo, na kampuni iliyoliweka iko Antwerp, umenunua mashine ambayo huwezi kubadilisha mipangilio yake, na fundi atakuomba pesa ndefu kulitoa, akiweza. Halipo. Nimetazama pia sehemu ya usalama kama ufuatiliaji wa Absolute umewashwa, kwa sababu kampuni huutumia kufuatilia na kufunga mashine zao zikiwa mbali. Umezimwa.

Milango ya USB-C ilinichukua muda kuliko yote. T480 inayo miwili, na yote miwili inachaji. Lenovo ilitoa sasisho la dharura la programu ya ndani ya Thunderbolt, chipu inayoendesha mlango wa USB-C, kwa ThinkPad za miaka ile, T480 ikiwemo, kwa sababu toleo la zamani liliweza kuua mlango ukaacha kuchaji. Kwenye mashine isiyo na tundu jingine la umeme, mlango uliokufa si jambo dogo. Nimechomeka chaja kwenye mmoja, nikasubiri taa, nikahamia wa pili, nikachomeka flashi pia. Yote mizima.

Mengine yamepita haraka: vitufe vyote kimoja kimoja, Wi-Fi kwa simu yangu, kamera, spika, bawaba, na hali ya SSD (diski) ya GB 256 kwa programu ya CrystalDiskInfo, ambayo ilisema afya 93%. RAM ni GB 8 kwenye kipande kimoja, nafasi ya pili iko wazi.

Bei ilianza 225. Betri ya nyuma iliishusha. Tumefunga kwa 195, na chaja yake ya asili ya wati 65. Mdogo wangu alitoa noti moja moja na muuzaji akainua kila moja kwenye mwanga, akarudisha moja yenye mpasuko mdogo pembeni, mpasuko wa kucha tu. Tulikuwa na ya akiba. Hapa kwetu ukienda kununua kitu cha dola beba noti moja zaidi ya unayohitaji, safi, ya toleo jipya.

Julai, kufungua

Kabla ya kushika bisibisi, ndani ya BIOS kuna chaguo la kuizima betri ya ndani kwa muda. Inazima, mashine inalala kabisa, na itaamka ukichomeka chaja. Kisha unatoa betri ya nyuma, unalegeza skrubu za kifuniko cha chini, ambazo hazidondoki maana zimeshikiliwa na kifuniko chenyewe.

Ndani kulikuwa na vumbi la kijivu, nyuzi za zulia la ofisi ya Ubelgiji zilizojikunja kwenye mapezi ya kupozea. Nimelitoa kwa brashi ya rangi yenye nywele laini, nikiishika feni isizunguke. Vumbi letu jekundu la kiangazi litachukua nafasi yake, na hilo ni laini zaidi, linaingia popote. Nimemwambia mdogo wangu mashine isikae kitandani wala juu ya kitambaa, kwa sababu hewa inaingilia chini.

RAM nimeiacha GB 8. Nilikuwa nimepanga kuongeza kipande cha pili, lakini bei ya RAM imepanda dunia nzima tangu mwisho wa 2025, viwanda vikikimbilia kuhudumia vituo vya akili bandia, na mjini wameshapata habari. Kwa kazi zile za ukurasa wa kwanza GB 8 zinatosha. Pesa ya RAM imehamia kwenye betri.

Julai, Windows au Linux

Mjadala wa nyumbani. Shemeji anasema shule nzima inatumia Word, kwa nini tujitafutie matatizo. Hoja yake ina uzito, na T480 inaikubali Windows 11 bila ujanja.

Kilichoamua ni mega, yaani data ya intaneti. Mdogo wangu intaneti yake ni simu, na simu ni forfe, kifurushi cha kununua. Windows inapoamua kujisasisha inashusha mafaili makubwa, na ingawa unaweza kuiambia kwamba mtandao huu ni wa kulipia kwa kipimo, kila mtandao mpya unaouunganisha unabidi uuweke hivyo tena. Linux Mint inakuonyesha orodha na ukubwa wa kila sasisho, halafu inakusubiri wewe. Matoleo ya mfululizo wa Mint 22 yanahudumiwa hadi 2029. Nimechagua la Cinnamon, kwa sababu menyu iko chini kushoto pale alipoizoea.

Kabla ya kuifuta Windows nimeitumia kwa kazi ya mwisho: kusasisha BIOS na ile programu ya Thunderbolt kutoka Lenovo. Ni rahisi kuifanya pale Windows ikiwa bado hai. Betri iwe imejaa na chaja imechomekwa, maana umeme ukikatika katikati ya kusasisha BIOS ukiwa na betri iliyokufa, umejitengenezea kizuizi cha mlango.

Julai, kusimika

Faili la Mint ni karibu GB 3. Binamu ameliteremsha kazini kwake kwenye faiba, akaniletea kwenye flashi. Nimelinganisha SHA256 yake (namba ya utambulisho wa faili) na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint, kwa sababu faili lililokatika katikati linaweza kusimika vizuri hadi dakika ya mwisho halafu likakuangusha. Herufi zote zimelingana. Programu ya Rufus imeiandika kwenye flashi, kitufe cha F12 kimeiwasha mashine kutoka huko.

Nimewasha usimbaji wa diski nzima. Pointi za watoto wa watu, nakala za vitambulisho, picha za familia: mashine ikiibwa ndani ya basi, mwizi apate chuma tu. Ubaya wake ni kwamba fungu la maneno, nenosiri refu la kuifungua diski, likisahaulika hakuna fundi wa Lubumbashi wala wa Bulaya atakayelifungua. Limeandikwa kwenye karatasi, na mama ameliweka ndani ya sanduku pamoja na karatasi za parsele (kiwanja). Usalama zaidi ya huo katika familia yetu haujavumbuliwa.

Lugha: Kifaransa. Kibodi: hapa pana mtego mdogo kwa kila anayenunua mashine iliyotoka Ubelgiji. AZERTY ya Ubelgiji na ya Ufaransa herufi zake ziko pamoja, alama zimeachana. Juu ya 6, Mbelgiji ana § na Mfaransa ana kistari. Juu ya 8, Mbelgiji ana alama ya mshangao na Mfaransa ana mstari wa chini. @ ya Mbelgiji ni AltGr na 2, ya Mfaransa ni AltGr na 0. Ukichagua "Français" kwa sababu unaandika Kifaransa, utabonyeza kitu kimoja na kuona kingine, na utadhani vitufe vimeharibika. Chagua "Belge". Nimeona mashine njema zikishushiwa bei mjini kwa sababu hiyo peke yake, na mnunuzi mwenye macho akafaidi.

Agosti, betri

Sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Nimepata betri ya nyuma ya Wh 72 kwa dola 40. Si ya Lenovo yenyewe, ni ya kuiga, na betri za kuiga zinaweza kuandika namba yoyote kwenye chipu yake. Kwa hiyo sikuamini karatasi wala kile kilichosomwa na programu ya upower. Nimeichaji ikajaa, nikaiacha mashine icheze video kwa mwanga wa kati, nikifuatilia wati zinazotumika, hadi betri hiyo ikakabidhi kwa ya ndani. Nimepiga hesabu: imetoa kama Wh 63. Kwa ya kuiga, naishukuru. Ingekuwa imetangaza 72 ikakata kwenye 40, ningeirudisha, na muuzaji tulikuwa tumeshakubaliana hivyo.

Akiwa anaandika na kujaza jedwali, mwanga wa kioo ukiwa chini ya nusu, mashine inakula kati ya wati 6 na 9. Ya nyuma na ya ndani pamoja ni kama Wh 80. Yaani siku nzima ya kazi ya mwalimu, na kibarua cha jioni juu yake. Betri hiyo kubwa inatokeza chini na kuinua mashine kwa nyuma. Mdogo wangu amesema ndivyo vizuri, mikono inatulia.

Sasa suala la kuilinda. Ushauri unaokutana nao kila mahali ni kuizuia betri isipite 80%, ili iishi miaka mingi. Ushauri huo umetolewa na watu ambao soketi yao haikosi umeme. Hapa ile 20% iliyobaki ndiyo inayomaliza bulletini usiku. Suluhisho langu limegawanya betri. Nimeweka TLP, programu ya kusimamia umeme, nikaondoa power-profiles-daemon inayofanya kazi kama hiyo, kwa kuwa haviishi pamoja, na kwenye mipangilio nimeandika kwa ya ndani tu:

START_CHARGE_THRESH_BAT0=75
STOP_CHARGE_THRESH_BAT0=85

Ya ndani ni ngumu kubadilisha, hiyo ilindwe. Ya nyuma nimeiacha ijaze hadi mwisho, maana ikichoka unainunua nyingine na kuibandika kwa sekunde chache. Amri ya tlp-stat -b inaonyesha zote mbili zinavyokwenda.

Agosti, sola

Nyumbani kwake kuna paneli na betri ya risasi ya volti 12, Ah 100, kwa ajili ya taa na televisheni. Kwa hesabu ya karatasi ni Wh 1,200, lakini betri ya risasi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua, kwa hiyo hesabu 600. Mashine inayokula wati 8 haiwezi kuifilisi.

Tatizo ni njia ya kutoka 12 kwenda kwenye mashine. Watu wanapitia inveta: volti 12 inapandishwa kuwa 220, halafu chaja ya mashine inaishusha tena hadi 20. Umelipa ushuru mara mbili, na inveta ya bei rahisi inakula wati zake hata isipochaji kitu. Nimenunua chaja ya gari ya USB-C yenye PD (njia ya USB-C ya kutoa umeme mwingi), inayochukua 12 moja kwa moja na kutoa 20. Angalia maandishi madogo: nyingi zimeandikwa 65 W kwa matundu yote yakijumlishwa, na tundu la USB-C peke yake likatoa 18 tu. Hiyo ni ya simu. Niliyoichukua inatoa 65 kwenye C yenyewe, dola 15.

Kwa mzigo wote itavuta kama ampea 6 kutoka kwenye betri. Nimeweka fyuzi ya ampea 10 kwenye waya chanya, karibu na betri, si karibu na mashine. Waya ukiguswa katikati na kuungua, fyuzi iliyo mwisho wa waya haikusaidii kitu.

Umeme wa mjini ukirudi baada ya kukatika, unarudi kwa fujo. Chaja inakubali volti 100 hadi 240, lakini mshtuko wa ghafla hauhesabiwi hapo. Sheria ya nyumba: ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri taa zitulie kwanza. Msimu wa mvua na radi, chomoa hata kama haujakatika.

Agosti, faili za shule

LibreOffice, programu ya bure inayochukua nafasi ya Word na Excel, kwa Kifaransa, na kamusi ya tahajia ya Kifaransa. Faili za mkuu wa shule zimeandikwa kwa Calibri na Cambria, ambazo hazimo kwenye Mint. Nimesimika Carlito na Caladea, fonti zenye upana uleule wa herufi, na mistari ikarudi mahali pake. Jedwali moja tu la kichwa cha karatasi, lenye nembo na masanduku ya maandishi, linaendelea kuhama kidogo. Tumekubaliana: anachotuma kihaririwe na wengine kinakwenda kama .docx au .xlsx, anachotuma kichapwe kinakwenda kama PDF. Sekretaria hawahitaji kujua mwalimu anatumia nini.

Jedwali la pointi tumelijenga pamoja kwenye meza ya kulia chakula. Majina upande wa kushoto, masomo juu, =MOYENNE kwa wastani, =RANG(I4;I$4:I$70) kwa nafasi. Alipoona nafasi zinajipanga zenyewe baada ya kubadilisha pointi moja, aliibadilisha tena na tena kwa kicheko, akimpandisha mtoto mmoja mtundu hadi wa kwanza, akimrudisha.

Nakala ya akiba iko kwenye flashi ya GB 64 ya dola 9. Flashi za mjini ni za kupimwa: nimeijaza kwa f3write na kuisoma kwa f3read, na GB zilizotangazwa zimo kweli. Kila Ijumaa anachomeka, ananakili folda moja, anachomoa. Hana haja ya kujua zaidi ya hapo.

Kwenye mashine nimeuwekea mtandao wa hotspot ya simu yake alama ya kulipia kwa kipimo, na masasisho ya Mint yanasubiri Jumapili akija kwetu.

Septemba, wiki ya kwanza ya shule

Hesabu: mashine 195, betri 40, chaja ya gari 15, flashi 9, fyuzi na waya 3. Jumla 262. Zimebaki dola 18, na mama amesema zibaki kwenye mradi huohuo, zisitembee.

Ripoti ya kwanza kutoka Katuba imekuja kwa WhatsApp, kutoka kwenye mashine yenyewe. Umeme ulikatika saa kumi na mbili jioni, ameandika mtihani wa hesabu na wa Kifaransa, ameweka orodha ya darasa lote, na ya nyuma bado ina 61%. Analalamikia kitu kimoja: taa ndogo nyekundu ya kifuniko inawaka na kufifia mashine ikilala, na mtoto wa mwaka mmoja anaitaka. Nimemwambia abandike kipande cha plasta juu yake.

Walimu wenzake wawili wameomba namba yangu. Mmoja tayari ana T470 ya AZERTY ya Ubelgiji ambayo "vitufe vyake vimechanganyikiwa". Nimemwambia aje nayo Jumapili, na asiiuze kabla ya hapo.